Kipande cha ndege kikitoka ghalani, usikisugue

Chumvi ya Malindi huchukua miaka mingi kula bawa la ndege. Brashi ya waya hulimaliza kwa saa mbili. Katika kazi hii ya kutafuta na kuokoa vipande vya ndege za zamani za mafunzo ya kijeshi, hasara kubwa hutokea siku ile ile ghala linapofunguliwa, na anayeisababisha ni mtu mwenye nia njema aliyebeba msasa, ndoo ya maji na mafuta ya taa. Yanayofuata ni mafunzo ya mikono. Yamewekwa hapa kwa ajili ya yeyote atakayeitwa kutazama "vyuma vya ndege" katika ghala la pamba au korosho, au katika nyumba ya mawe huko Lamu iliyogeuzwa stoo.

Kwanza ujue unachoweza kukutana nacho. Malindi ilipigwa mabomu na ndege za Kiitaliano mwaka 1940, na tangu hapo kila bati lenye ribiti huitwa "la ndege ya Mtaliano". Mara nyingi bamba la kipande husema vingine. Ndege za mafunzo zilizopita nchi hii ni za vizazi kadhaa. Kuna Tiger Moth ya de Havilland, mabawa mawili juu na chini, mbao na kitani, injini ya Gipsy Major ya nguvu za farasi 130. Kuna Harvard, ya bati tupu isipokuwa usukani na mapezi ya nyuma yaliyovikwa kitambaa, injini ya Wasp yenye silinda 9 na nguvu za farasi 600. Hizi za pili zilitumiwa na kikosi cha 1340 cha jeshi la anga la Uingereza kuanzia 1953 hadi 1955, kutoka Thika na baadaye Mweiga, zikiwa zimefungwa mabomu madogo ya ratili 20 wakati wa vita vya Mau Mau. Halafu Chipmunk, ambayo Jeshi la Anga la Kenya lilianza nayo lilipoundwa tarehe 1 Juni 1964. Baadaye zikaja Strikemaster za jeti mwaka 1971, na Bulldog kuanzia 1972. Harvard na ndugu zake zilitengenezwa zaidi ya 15,000 duniani, Tiger Moth zaidi ya 8,000, Chipmunk hazikufika 1,300. Tofauti hiyo inaingia kwenye thamani: bawa la Chipmunk lililo nusu zima linaweza kutafutwa zaidi ya injini nzima ya Harvard.

Kabla ya kugusa chochote, mwenyewe wa ghala apewe heshima yake. Mwombe kwa maneno yaliyo wazi: "Shikamoo mzee. Tunaomba ruhusa ya kutazama na kupiga picha tu, si ya kubeba." Neno "kubeba" likitajwa mapema hufunga milango. Mtu aliyetunza vyuma vya baba yake miaka hamsini ana haki ya kufikiri kwanza. Awepo shahidi, mzee wa mtaa au jirani, na yaandikwe mmekubaliana nini, hata kama ni mistari mitano kwenye karatasi ya daftari.

Nenda wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, hewa ikiwa kavu. Ghala likifunguliwa wakati wa masika, unyevu wa nje huingia na kujipaka juu ya chuma baridi, nawe utakuwa umeanzisha kutu mpya kwa mkono wako. Vaa viatu vya buti, glavu, na barakoa inayokaza vizuri usoni. Kwenye nyumba za mawe adui ni popo. Mavi yao makavu hubeba kuvu inayoleta ugonjwa wa mapafu, kwa hiyo sakafu inyunyizwe maji kidogo kwa bomba la mkono kabla ya kutembea juu yake. Sakafu tu, vyuma visiguswe na maji hayo. Chunguza nyoka kwa fimbo chini ya kila bati lililolala.

Sasa jambo ambalo halina mjadala. Ukiona bomba fupi la shaba lenye kofia mithili ya risasi kubwa, huenda ni fataki ya kuwashia injini, kwani Chipmunk za jeshi ziliwashwa kwa fataki. Ukiona kiti cha jeti chenye mirija ya chuma nyuma yake na vishikio vyenye mistari ya njano na nyeusi, hicho ni kiti cha kumrusha rubani nje ya ndege, na baruti yake inaweza kuwa bado iko hai. Usikivute, usikigeuze, usikae juu yake upigwe picha. Toka nje, funga mlango, piga simu polisi, waje wataalamu wa mabomu. Baruti ya zamani huwa haitabiriki zaidi ya mpya.

Ghala likishakuwa salama, kazi ya kwanza ni picha. Piga ghala zima kutoka kila pembe, kisha kila rundo, kisha kila kipande mahali kilipo na rula kando yake. Vitu vilivyowekwa pamoja miaka mingi iliyopita huwa na sababu ya kuwa pamoja. Kasha la skrubu lililokaa juu ya mguu wa gurudumu huenda ndilo lenye bolti zake halisi, na ukishalihamisha bila kuandika, hakuna atakayejua tena. Kila kipande kifungwe lebo ya karatasi ngumu kwa uzi wa pamba. Waya usitumie, utakwaruza. Andika kwa penseli. Wino wa kalamu hufifia na hutoka kwa mafuta, penseli hukaa.

Kisha tafuta bamba. Hapa ndipo penye utajiri, na hapa ndipo brashi ya waya inapofanya maafa yake, kwa sababu bamba la alumini lina maandishi yenye kina cha unywele tu. Utalikuta limefunikwa vumbi lililoganda na grisi ngumu. Weka tochi ubavuni mwa bamba, karibu ilale juu ya bati, mwanga upite kwa mshazari. Herufi zitaanza kutoa vivuli. Zisiposomeka, weka karatasi nyembamba juu yake na upitishe penseli laini kwa ubavu wa ncha, polepole, kwa mwelekeo mmoja. Mara nyingi namba ambayo jicho halikuiona hutokea kwenye karatasi. Karatasi hiyo itunze pamoja na lebo. Ikishindikana, tumia pamba iliyochovywa kwenye spiriti kidogo, gusa na uinue, usisugue, ukianzia kwenye kona isiyo na maandishi. Rangi ikianza kutoka kwenye pamba, acha mara moja, maana maandishi mengine yalichapwa kwa rangi wala hayakuchongwa.

Kusoma namba zenyewe kuna utaratibu wake. Taji dogo lenye herufi A.M. ni alama ya wizara ya anga ya Uingereza. Muhuri wa A.I.D. ni wa wakaguzi wake, na mara nyingi huwa mdogo kuliko punje ya mchele, umepigwa kando ya tundu au kwenye ukingo. Namba ya Kiingereza inayoanza na 6A ni ya ala za kupimia, 5C ni vifaa vya umeme, 10 ni vya redio. Vipande vya Harvard mara nyingi huanza na namba ya muundo, kama 66, 77 au 88, kikifuata kistari. Vya Chipmunk huanza na C1. Vya Tiger Moth hubeba herufi H na tarakimu. Vifaa vya baadaye vina namba ya NATO ya tarakimu 13: nne za mwanzo ni aina ya kitu, mbili zinazofuata ni nchi. Ukiona 1610 hiyo ni rafadha, yaani propela, 1620 ni miguu ya kutua, 2810 ni injini ya pistoni, 6610 ni ala za rubani. Ukiona 99 katikati ni Uingereza, 21 ni Kanada, 00 au 01 ni Marekani. Kwa hiyo kipande chenye 6610-99 kinajitambulisha chenyewe kabla hujamuuliza mtu yeyote.

Tafuta pia alama za kifo. Tundu lililotobolewa katikati ya kipande bila sababu, mkato wa msumeno, rangi nyekundu iliyopigwa kwa brashi, au lebo yenye herufi U/S (yaani hakifai kutumika), vyote vinasema kwamba kipande kilishakataliwa na fundi wa jeshi. Makumbusho yatakipokea. Angani kisirudi kamwe, na anayekipaka rangi upya ili kukiuza kwa ajili ya ndege inayoruka anacheza na roho za watu.

Sasa chumvi. Bati la Harvard na Chipmunk ni mchanganyiko wa alumini na shaba, wenye nguvu lakini dhaifu mbele ya kutu, na ndiyo maana viwandani hufunikwa pande zote mbili kwa ngozi nyembamba ya alumini safi. Kwenye bati jembamba ngozi hiyo ni kama asilimia 5 ya unene kwa kila upande. Unapolipiga msasa ling'ae, unaondoa ngozi hiyo. Bati linang'aa wiki tatu kwa picha, na kusi ikianza kuvuma kutoka baharini, madoa meusi hutokea kama tetekuwanga. Hakuna dawa ya kurudisha ngozi hiyo nyumbani.

Angalia hasa kando ya ribiti. Doa jeusi linalotoka kwenye ribiti kama mkia wa moshi linaonyesha kwamba ribiti ilikuwa ikicheza. Uvimbe kuzunguka ribiti una maana nyingine: kutu imeingia kati ya mabati mawili na inayasukuma yaachane. Kwenye vyuma vinene, kama miguu ya mhimili wa bawa, kutu ya aina mbaya zaidi hufumua chuma tabaka kwa tabaka, ukingo ukatazamika kama chapati iliyokunjwa vizuri na kupasuliwa kwa mkono. Kipande kilichofika hapo kimekufa kimuundo, hata kama upande wa pili kimenyooka na kina rangi yake. Gonga kwa sarafu taratibu kila sentimita mbili. Mlio mkali ni bati zima, mlio mfu ni tabaka zilizoachana.

Jambo ambalo watu wa bara hawalijui, na sisi wa Pwani tunalisahau, ni chokaa. Chumvi inasingiziwa yote, wakati alumini huliwa pia na chokaa yenye unyevu. Bawa lililoegemezwa miaka mingi kwenye ukuta wa matumbawe uliopakwa chokaa huoza kwenye mstari ule ule lilipougusa ukuta, mahali pengine pote likiwa zima. Sakafu ya saruji hufanya vivyo hivyo polepole. Ukishindwa kuhamisha kipande siku hiyo, angalau kiinue. Mbao kavu mbili chini, nailoni nene juu ya mbao, na kiganja kizima kati yake na ukuta. Hiyo ni kazi ya dakika kumi, na tunaiweka mbele ya kazi nyingine zote.

Kuosha kuje baadaye, na kwa maji yanayofaa. Maji ya visima vya mjini Malindi yana chumvi, na hata ya mfereji yanayotoka Baricho hayafai kwa suuzo la mwisho. Tumia maji safi ya kuongezea betri (si asidi yake), au ya mvua. Maji ya mvua nayo yana masharti: paa lililo karibu na bahari limejaa chumvi, kwa hiyo acha mvua ya kwanza ioshe paa, kisha ndipo ukinge. Loweka kipande, badilisha maji, loweka tena. Utajuaje chumvi imekwisha? Nunua nitrati ya fedha kwenye duka la kemikali za maabara, gramu 2 kwenye mililita 100 za maji safi, weka kwenye chupa ya rangi. Chukua maji uliyolowekea kwenye glasi, na maji safi kwenye glasi ya pili, dondosha matone matatu kila moja. Yakitoka mawingu meupe kama maji ya tui, chumvi ipo. Linganisha glasi mbili hizo. Maji ya kulowekea yakiwa angavu sawa na maji safi, umemaliza. Vaa glavu, dawa hiyo hutia vidole weusi usiotoka siku kadhaa.

Baada ya hapo kausha kivulini kwa feni, kisha paka nta au grisi ya sufu ya kondoo (lanolini) iliyoyeyushwa kwa ajili ya kazi hiyo. Oili chafu ya injini isitumike, ina asidi. Sifa, yaani mafuta ya papa, ambayo mafundi wa majahazi huitumia vizuri sana kwenye mbao, hugeuka gundi juu ya chuma na kukusanya vumbi lenye chumvi. Kila kitu na mahali pake.

Tuseme sasa kuhusu magnesiamu, na hapa tunawaomba mafundi wanaosubu masufuria wasome mara mbili. Ndege ina vipande vingi vya subu vyepesi mno: vitovu vya magurudumu, vifuniko vya injini, nyumba za gia. Vingine ni alumini, vingine ni magnesiamu. Kwa macho vinafanana. Magnesiamu ikiingia kwenye tanuru huwaka kwa mwali mweupe unaoumiza macho, na ukimwagia maji hulipuka kwa sababu huyapasua maji na kutoa gesi inayowaka. Moto huo huzimwa kwa mchanga mkavu kabisa au unga maalumu wa moto wa metali, kamwe si maji. Kuna njia rahisi ya kutenganisha. Kwaruza mahali padogo pasipoonekana, dondosha siki: povu likichemka papo hapo, ni magnesiamu. Ukitaka uhakika, tumia mizani ya kuning'iniza ya samaki. Pima kipande hewani, kisha kizamishe chote ndani ya ndoo kikiwa kinaning'inia, upime tena. Kilo 2.7 hewani na kilo 1.7 majini, maana yake kimepungua kilo 1, na 2.7 ukigawa kwa 1 ni 2.7, hiyo ni alumini. Jibu likija karibu na 1.8, ni magnesiamu. Kipande chenye uwazi uliozibwa ndani kitakudanganya, kwa hiyo hicho kipimwe kwa siki. Kikaushe mara moja. Vipande hivi ndivyo vinavyooza haraka kuliko vyote Pwani, vinatoa unga mweupe unaovimba, na ndivyo adimu zaidi kupatikana vizima, ndiyo maana inauma kuona kitovu cha gurudumu kikitupwa kwenye gunia la skrepu.

Injini. Kishawishi cha kila mtu anayeona rafadha ni kuisukuma aone kama inazunguka. Usifanye hivyo. Silinda za chini huwa zimejaa oili iliyotiririka miaka yote, na oili haibanwi. Pistoni ikiigonga, mkono wa pistoni unapinda au kichwa cha silinda kinapasuka. Kwenye Wasp ya Harvard silinda huhesabiwa kutoka juu, kwa hiyo 5 na 6 ziko chini kabisa, 4 na 7 zinafuata. Toa plagi zote 18, mbili kwa kila silinda, ukianza na hizo za chini, na weka beseni chini yake. Kila plagi irudi kwenye trei yenye namba ya silinda yake, kwa kuwa rangi ya ncha yake inasimulia hali ya ndani. Pitisha kamera ndogo ya bomba inayounganishwa na simu, ile wanayotumia mafundi wa mifereji. Utaona kama kuta zina kutu ya juu juu, rangi ya chai, au mashimo meusi. Silinda ambayo vali zake zilibaki wazi ndiyo huwa imeoza zaidi, hewa ya bahari ilipita humo.

Gipsy Major ina mtego wake. Injini hiyo imekaa kichwa chini, vichwa vya silinda vinatazama ardhi. Wengi humimina mafuta ya kulegeza kupitia tundu la plagi, na mafuta yote humwagika viatuni, kwa sababu pistoni iko juu ya tundu. Lazima injini igeuzwe juu chini kwenye stendi, ndipo mafuta yakae juu ya pistoni na kupenya kwenye ringi. Nusu dizeli, nusu oili ya giaboksi ya otomatiki, vijiko viwili kila silinda, ungoje wiki mbili, ongeza, ungoje tena. Plagi zake ni 8. Kisha jaribu kwa mikono miwili kwenye kitovu cha rafadha, nguvu ya mtu mmoja basi. Isipokubali, ongeza mafuta na ungoje. Anayeweka bomba la mita mbili kama nyenzo huvunja kitu ambacho hakitengenezwi tena.

Uzito nao ukumbukwe. Gipsy Major ni karibu kilo 140, Wasp karibu kilo 400. Boriti za ghala zilizoliwa na mchwa hazitabeba mnyororo wa kuinulia, hata zikionekana nzima. Simamisha nguzo tatu za chuma, ning'iniza mnyororo hapo.

Injini iliyofungwa ndani ya kasha la awali, ikiwa na lebo ya "imefanyiwa matengenezo kamili", si injini mpya. Mipira na oringi zake zina tarehe: 2Q67 maana yake robo ya pili ya mwaka 1967. Mpira wote hutupwa baada ya kuutumia kama kielelezo cha vipimo. Kagua vile vizibo vya plastiki vyenye chembe ndani, vilivyofungwa badala ya plagi. Vikiwa bado bluu, injini ilikaa kavu, na hiyo ni bahati kubwa. Vikiwa vya waridi au vyeupe, unyevu uliingia zamani.

Kwa mbao hatutakaa sana. Mabawa ya Tiger Moth yakikaa Pwani bila uangalizi, mchwa na dumuzi huyamaliza, na gundi ya zamani huachia hata mbao zikiwa nzima. Ingiza kisu chembamba kwenye maungio: kikiteleza bila kukwama, gundi imekufa. Bawa hilo ni kielelezo cha kuchongea jipya, na vyuma vya maungio yake ndivyo vya thamani. Kitambaa kisichanwe chote. Mahali penye namba, alama au rangi ya asili, kata na ubakize sentimita 10 pembeni, zungushia kwenye bomba nene, upande wa rangi ukiwa nje. Usivute sigara hapo, rangi ya kukazia kitani huwaka kama baruti. Rafadha ya mbao ilazwe mlalo wa usawa. Ikisimamishwa, unyevu hukusanyika upande mmoja na uzito wake hupoteza usawa. Kwenye kitovu chake utakuta vipimo vyake na namba ya mchoro vimechongwa. Hivyo ndivyo uvipige picha kwanza.

Ala za rubani zinavutia kila mtu, na watoto zaidi. Ala nyingi za wakati wa vita na za miaka ya 50 zilipakwa radiamu, madini yenye mionzi ya hatari, ili ziwake gizani. Haziwaki tena, rangi imegeuka hudhurungi, na hapo ndipo watu hudhani zimekufa. Kilichokufa ni unga unaotoa mwanga tu. Radiamu yenyewe hupungua nusu kwa miaka 1,600. Usifungue kioo, usioshe, usipulize vumbi. Kioo kikiwa kimevunjika, mifuko miwili ya nailoni, kila ala peke yake, osha mikono kabla ya kula. Zisiwekwe chumbani wala sebuleni. Zikiwa nyingi, Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ya Kenya, iliyoundwa kwa sheria ya 2019, ndiyo ya kuuliza namna ya kuzihifadhi. Ala zenye gurudumu la kuzunguka ndani zisafirishwe zikiwa zimesimama kama zilivyokuwa kwenye ndege.

Kutoka Lamu kuna bahari ya kuvuka. Punda atakifikisha kipande gatini, kisha mashua hadi Mokowe, ndipo lori. Kivuko kifupi hicho kinatosha kurudisha chumvi yote uliyoitoa, kwa hiyo funga kila kipande kwa nailoni nzito iliyobandikwa utepe wa gundi kwenye maungio, na uvuke asubuhi kabla upepo haujapanda.

Karatasi. Biashara ya vyuma chakavu ina sheria yake ya mwaka 2015 inayodai leseni, na biashara yenyewe ilisimamishwa nchi nzima kati ya Januari na Mei 2022. Ukinunua, andika risiti yenye jina la muuzaji, namba ya kitambulisho, namba ya kila kipande na sahihi ya shahidi. Kitu chenye alama za Jeshi la Kenya kisinunuliwe bila karatasi inayoonyesha jeshi lenyewe lilikiuza. Sheria ya makumbusho ya 2006 huhesabu kuwa vitu vya kale vile vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895, kwa hiyo ndege hazimo moja kwa moja, lakini kitu chenye thamani ya kihistoria kinaweza kutangazwa kulindwa. Kuwaarifu Makumbusho ya Taifa, ambao wana watu Lamu na Malindi, hakugharimu kitu. Na kipande kisicho na cheti kutoka karakana inayotambuliwa na mamlaka ya usafiri wa anga kisifungwe kwenye ndege inayoruka, hata kiwe kinang'aa vipi.

Mwisho wa kazi ni kasha. Mbao kavu, nailoni ndani, kipande kisiguse mbao, na mifuko ya chembe za kukausha unyevu, nusu kilo kwa kasha lenye ukubwa wa sanduku la nguo. Weka kidirisha kidogo cha plastiki ubavuni ili rangi ya chembe ionekane bila kufungua. Nje andika namba ya lebo na tarehe. Tazama kila Jumatatu wakati wa masika, kila mwezi wakati wa kaskazi. Zikigeuka waridi, zikaushe kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa saa tatu, oveni ambayo haipikiwi chakula, kwa sababu rangi ile ya bluu ni sumu.